Fosfati kwenye tangi la matumbawe: kopo la unga au kijiko cha chakula?

Shemeji yangu anakaa Isamilo, Mwanza, katikati ya yale mawe makubwa, na sebuleni kwake ana kipande cha Bahari ya Hindi: tangi la kioo la lita 200, mawe ya chokaa, matumbawe laini matatu, tumbawe gumu moja la zambarau, na samaki wanne. Ukisimama mbele ya tangi hilo, dirisha liko kushoto kwako na ziwa unaliona kule chini. Siku aliyonipigia simu niende, vyote viwili vilikuwa kijani.

"Shemeji, hizi nywele zinanimaliza," aliniambia hata sijakaa.

Nywele zenyewe ni mwani mwembamba unaoota juu ya mawe. Huanza kama vinyweleo, na baada ya wiki chache huwa zulia. Nilikunja mkono wa shati, nikauzamisha, nikang'oa fungu moja. Lilitoka na mchanga, mabaki ya chakula, na konokono mdogo aliyekuwa amenasa humo. Pale ulipolilalia tumbawe la zambarau, upande mzima ulikuwa umepauka. Juu ya kabati palikuwa na kopo la unga wa chembechembe za kunyonya fosfati, ile rutuba inayolisha mwani, aliloagiza Dar likaja kwa basi. Lilikuwa halijafunguliwa, kwa sababu kijana anayemuuzia samaki alimwonya kwamba fosfati ni chakula cha matumbawe, ukiimaliza umeyaua.

Hapo ndipo wafugaji wa matumbawe walipogawanyika. Wapo wanaotaka fosfati ishushwe hadi karibu na sifuri, mwani ufe njaa. Wapo wanaosema iachwe, mwani utafutiwe dawa nyingine. Mimi nina upande wangu na nitausema, ila hoja za pande zote mbili zinastahili kusikilizwa hadi mwisho, maana kila upande umeokoa matangi na kila upande umeua.

Kwanza tujue inakotoka. Maji ya shemeji ni ya bomba, yaani ya ziwani, ila ameyapitisha kwenye mtambo mdogo wa RO, unaoyachuja kwa utando mwembamba sana, kisha akayatia chumvi maalumu ya akwaria, gramu 35 kwa lita. (Chumvi ya Uvinza, pamoja na sifa zake zote jikoni, hapa haifai. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo chumvi ya mezani haina kwa kiasi kinachotakiwa.) Nilipima maji mapya kabla hayajaingia tangini, kipimo hakikuona fosfati yoyote. Kwa hiyo ziwa halikuwa na hatia. Nikaomba nioneshwe wanavyolisha.

Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida kina fosforasi takriban asilimia 1 ya uzito wake. Gramu moja, basi, ina miligramu 10 za fosforasi, na ukiihesabu kama fosfati, pamoja na oksijeni iliyojibebesha, inafika miligramu 30 hivi. Zigawe kwa lita 200, unapata miligramu 0.15 kwa lita. Sasa linganisha: kwenye miamba yenye afya baharini fosfati mara nyingi haifiki 0.03, na wafugaji wengi hulenga kati ya 0.03 na 0.1. Gramu moja tu, ikiyeyuka yote, inalivusha tangi zima mpaka. Ni kweli kwamba haiyeyuki yote, nyingine inajenga mwili wa samaki na nyingine inatolewa na chujio la povu, linalonasa uchafu kwa viputo vya hewa. Lakini shemeji alikuwa analisha mara tatu kwa siku, na jioni wapwa zangu walikuwa wanaongezea dagaa wakavu waliosagwa kwa vidole. "Mjomba, wanawapenda sana," waliniambia, na walisema kweli. Dagaa wa Mwanza huliwa mzima, na kichwa chake, na utumbo wake, na mifupa yake. Kwa mtoto anayekua hiyo ni baraka. Kwa lita 200 za maji ni mbolea.

Na kubadilisha maji peke yake hakuwezi kushindana na mbolea inayoingia kila siku. Ukitoa lita 20 kwa wiki, umetoa sehemu ya kumi ya kilichomo siku ile, basi.

Wanaotaka fosfati iondolewe wana ushahidi mzito. Mwaka 1973, huko Ontario nchini Kanada, watafiti walilikata ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226 kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni, na upande mmoja wakaongeza fosforasi. Upande huo uligeuka kijani, mwingine ukabaki maji maangavu. Picha iliyopigwa kutoka angani ilisaidia kusukuma sheria za kupunguza fosfati kwenye sabuni za kufulia. Sisi wa kanda hii hata hatuhitaji picha. Udongo unaosombwa kutoka mashambani, vumbi na moshi vinavyoshuka na mvua, na maji machafu ya miji vimelirutubisha Ziwa Victoria miaka na miaka, na maji ambayo wazee wanayakumbuka yakiwa maangavu sasa yana ukungu wa kijani.

Hasara ya ukungu huo inazidi kuharibu sura ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, sehemu yake ukiwa umefanyika kwenye Ghuba ya Mwanza, ulionesha kwamba furu, samaki wadogo wa ziwa hili, majike yao huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka hawazitofautishi tena rangi, hivyo aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Mmoja wa furu hao ni Pundamilia nyererei, anayebeba jina la Mwalimu, dume lake likiwa na wekundu mgongoni. Kila nikiuwaza utafiti huo naelewa kwa nini mtu akiona kijani kwenye kioo chake hukimbilia kopo.

Matumbawe magumu nayo yana sababu yake ya kuichukia fosfati ikizidi: hujibandika kwenye fuwele za chokaa wakati zinajijenga, ikazitatiza. Na chembechembe za lile kopo zinafanya kazi kweli. Ni oksidi ya chuma, jamaa ya kutu, na chuma hushika fosfati. Tope la ziwa letu linafanya vivyo hivyo: chuma kilichomo huishika fosforasi maadamu pana oksijeni, na oksijeni ikiisha kule kilindini, tope huiachia irudi majini.

Sasa upande wa yule kijana muuza samaki. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionesha kwamba matumbawe yenye nitrati nyingi lakini yenye njaa ya fosfati hupauka upesi zaidi yakikutana na joto na mwanga mkali. Vijimea vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha vinahitaji fosfati ili vijijenge, na vikiikosa, tumbawe linaporomoka pamoja navyo. Hili nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kulishusha tangi langu kutoka 0.25 hadi kiasi kisichopimika ndani ya siku tano, kwa kumwaga unga kipimo kizima mara mbili. Nywele zilinyauka, nikafurahi. Wiki ya pili matumbawe yakawa meupe kwenye ncha, na wiki ya nne mchanga ukafunikwa na ute wa kahawia wenye vipovu, dinoflagelati, ambao hustawi pale fosfati na nitrati zinapokauka na washindani wao kutoweka. Konokono waliokuwa wanakula mwani walidondoka kutoka kwenye kioo mmoja mmoja. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningezirudisha zile nywele siku hiyo hiyo.

Kuna ushahidi mwingine ambao wapenzi wa unga huupita haraka. Kati ya 1993 na 1996, kwenye kisiwa cha One Tree huko Great Barrier Reef, Australia, watafiti walitia nitrojeni na fosforasi kwenye vipande vya mwamba hai. Mwishoni miamba iliyorutubishwa, ukiitazama kwa macho, ilifanana na ile isiyoguswa. Madhara yalikuwepo, uzazi wa matumbawe ulivurugika na mifupa ya yaliyopewa fosforasi ikapungua uzito kwa ujazo, ila zulia la mwani halikutokea. Lilitokea Jamaica, baada ya ugonjwa wa 1983 na 1984 kuwamaliza Diadema, wale wanyama wa miiba mirefu wanaokula mwani, mahali ambapo samaki walaji walikuwa wameshavuliwa sana. Kwa hiyo mwani hutawala pale chakula chake kinapoingia kwa kasi kuliko unavyoliwa. Kiasi kinachoelea majini ni sehemu tu ya habari hiyo.

Na hapa ndipo tangi la shemeji lilipomshangaza. Tulipopima maji yake, yenye zulia lile lote, kipimo kilisoma 0.04. Wengine wanalipa pesa nyingi kuifikia namba hiyo. Fosfati ilikuwepo, tena nyingi, ila ilikuwa imeshaingia kwenye nywele. Unga ungefunguliwa siku ile, ungeanza na ile kidogo iliyobaki kwa ajili ya matumbawe, huku nywele zikiendelea kunyonya kutoka kwenye mawe zilikojishika, kwa sababu chokaa nayo hushika fosfati na kuiachia polepole.

Kwa hiyo nikamwambia kopo lisubiri. Tulipunguza kulisha hadi mara moja kwa siku, kiasi cha samaki kumaliza ndani ya dakika mbili, na dagaa wakarudi jikoni. Muda wa kuwasha taa ukashushwa kutoka saa 12 kwa siku hadi saa 8. Tangi dogo la chini, maji yanakopita kuchujwa, likawekewa tonge la mwani aina ya Chaetomorpha na taa yake ndogo, uote mahali tunapopataka sisi. Tukaongeza konokono kumi. Shemeji alitaka pia kangaja, na kweli kangaja anachunga mwani kama mbuzi, lakini ni samaki wa kuogelea mbali, na kumfungia kwenye lita 200 ni kumtesa. Nilikataa.

Kazi kubwa ilikuwa ya mkono. Kila Jumamosi tulizima pampu, tukang'oa nywele kwa vidole, huku mpwa wangu mkubwa akifyonza vipande kwa mpira kuingia kwenye ndoo. Lazima vitoke. Watu wa mialoni wanalijua hili kutokana na magugu maji: ukiyavuta na kuyaacha yaoze pembeni mwa maji, rutuba yake inarudi ziwani. Hata ile Chaetomorpha usipoivuna haijakusaidia kitu. Fosfati inatoka tangini pale inapotoka kwenye ndoo kwenda nje ya nyumba.

Wiki ya tisa, mawe yalikuwa meupe isipokuwa mawili, na kipimo kilisoma 0.12. Shemeji alivunjika moyo. Mimi niliona ndivyo ilivyopaswa kuwa: mlaji ameondoka, mawe bado yanatapika akiba ya miezi, na sasa fosfati inaonekana majini ambako unga unaweza kuishika. Siku hiyo tulifungua kopo. Tuliziosha chembechembe hadi maji yalipoacha kutoka mekundu kama udongo wa mlimani pale, tukaweka theluthi ya kipimo kilichoandikwa, tukapima kila baada ya siku mbili. Wiki tatu baadaye ilikuwa 0.07, na tukaishia hapo.

Upande wangu, basi, ni huu: kijiko kwanza, mkono wa pili, unga wa tatu, na lengo liwe kati ya 0.05 na 0.1, nikiiogopa sifuri kuliko 0.15. Mwenye tangi linalosoma 1.0, matumbawe yakiwa yanakufa, nisingemwambia asubiri wiki tisa. Huyo aanze na unga siku hiyo hiyo, kidogo kidogo, huku akifunga mdomo wa kopo la chakula. Ila asidanganyike na kloridi ya lanthanamu, dawa ya maji ya kuondoa fosfati, kwa kuwa inafanya kazi haraka. Inageuza fosfati kuwa chembe laini sana zinazotakiwa kunaswa na chujio laini, na wenye kangaja wengi wamelalamika kuwapoteza baada ya kuitumia. Kwa nyumba yenye watoto na chujio la kawaida, siipendekezi.

Tumbawe la zambarau limeanza kutambaa tena juu ya ule upande uliopauka, ukingo mwembamba mweupe mbele yake, dalili ya kukua. Nyuma ya jiwe la kulia, ambako maji hayazunguki na mabaki yanatua, bado kuna shungi la nywele la ukubwa wa kiganja. Shemeji anataka tuongeze unga kwa ajili yake. Mimi nataka pampu igeuzwe ielekee huko. Tumekubaliana Jumamosi tuanze na pampu.