Hewa ndani ya bomba la maji ya mvua: itolewe au ifungiwe?

Mfuniko wa chuma wa chemba, lile shimo la wima linaloshuka kutoka barabarani hadi kwenye bomba la maji ya mvua, una kilo 80 na haufanani na kitu cha kuruka. Lakini piga hesabu. Ukiwa na kipenyo cha sentimita 60, eneo lake ni kama mita za mraba 0.28, kwa hiyo shinikizo la kuunyanyua halifiki kilopaskali 3. Hiyo ni sawa na maji ya kina cha sentimita 28, pungufu ya ndoo iliyojaa.

Mfuniko ukiruka wakati wa mvua kubwa, lawama huenda kwa maji: bomba limezidiwa, yamekosa njia, yamepanda. Maelezo hayo yanatosha pale maji yanapofurika taratibu. Hayaelezi maji yanayorushwa mita kadhaa juu, yakatulia, kisha yakarushwa tena. Huko Minneapolis, Marekani, kwenye handaki la maji ya mvua la barabara kuu ya I-35W, watafiti walipima shinikizo wakati maji yakirushwa nje ya chemba. Shinikizo la maji handakini halikutosha kuyafikisha hata usawa wa barabara. Kilichoyabeba ni hewa.

Bomba la mvua husanifiwa kupitisha maji huku juu yake pakibaki nafasi. Mvua ikizidi, sehemu ya chini hujaa kwanza na ukuta wa maji huanza kurudi nyuma, huku mwingine ukishuka kutoka juu. Hewa iliyo kati yao hubanwa, ikatambaa chini ya dari ya bomba mpaka ikute shimo la wima lenye maji. Geuza chupa iliyojaa kichwa chini uone inavyobubujika: hewa na maji vinagombea mlango mmoja. Ndani ya shimo jembamba, hewa hupanda huku ikitanuka, na maji yaliyo juu yake hayana pa kupisha isipokuwa kuteremka kwa shida kandokando ya ukuta. Yaliyobaki husukumwa nje.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni kuongeza matundu ya kupumulia. Naiunga mkono, ila wanaoipinga hawabahatishi. Hewa iliyofungiwa ni kama springi, na maji yakija kwa kasi huyapokea taratibu. Iachie itoke yote kwa mkupuo, maji yatafuata nyuma yake bila breki na kugonga mwisho wa njia. Kwa kanuni ya mwanasayansi wa Urusi, Joukowsky, ya mwaka 1898, maji yasiyo na mapovu yanayokwenda mita 1 kwa sekunde, yakisimamishwa ghafla ndani ya bomba gumu, yanaweza kuzaa shinikizo linalokaribia lile la safu ya maji ya mita 100. Majaribio ya maabara nayo yameonyesha kwamba tundu dogo hulegeza pigo, na likipanuliwa pigo linaweza kukua mara kadhaa. Yaani tundu lililowekwa kwa kukisia linaweza kuwa baya kuliko kutokuwa na tundu.

Upande wa pili husema: fungeni mifuniko kwa bolti. Hapa kuna hoja moja nzito. Mfuniko ukishang'oka na barabara ikafunikwa na maji ya tope, anayepita kwa miguu haoni shimo, na hilo linanitisha kuliko chuma kinachoruka. Lakini bolti haipunguzi hewa hata chembe. Shinikizo litatafuta palipo dhaifu: kwenye maungio ya mabomba, au kwenye vyoo vya nyumbani pale ambapo maji ya mvua na maji taka hupita bomba moja. Wakati mwingine huondoka mfuniko pamoja na fremu yake.

Kwa maoni yangu, tatizo la pande zote mbili ni kubishania mdomo wa shimo. Hewa inapofika pale imeshabanwa. Itolewe mapema, kabla kuta mbili za maji hazijakutana, na kupitia mashimo mapana ambamo maji yana nafasi ya kushuka pembeni hewa inapopanda. Gharama yake si ndogo, na ni vigumu kuitetea kwa sababu kompyuta nyingi haziioni hewa kabisa. Programu nyingi za kukokotoa mitaro hutumia ujanja wa mhandisi Preissmann: bomba lililojaa huchukuliwa kana kwamba lina ufa mwembamba darini, maji yakapanda humo. Hesabu inakwenda vizuri sana, na hewa imeshatoweka kwenye karatasi.

Kwa chemba zilizokwishajengwa, Japani wana mifuniko inayostahili kuigwa: shinikizo likipanda, mfuniko huinuka kidogo tu, hewa ikapita ukingoni, huku komeo na bawaba vikiuzuia kung'oka. Ongeza wavu wa chuma chini yake, ili hata mfuniko ukiondoka, mguu wa mpita njia ukute kitu cha kukanyaga.