Zana ya Kufundishia

Mimi ni mwembamba. Koti nililoazima kwa shemeji kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne lilining'inia kama kanzu kwenye msumari. Mama mdogo akanitazama, akaguna, akachana mto wake wa zamani, akanijazia pamba mabegani na kuishikiza kwa bandi.

"Usinyanyue mikono," akaniasa.

Mwalimu wa Kiingereza, asinyanyue mikono!

Nikaitwa kutoa nasaha. Itifaki niliizingatia dakika nne nzima, hadi mlinzi wa geti nikamtaja. Ndipo nikaingia kwenye mada niliyoiandaa wiki nzima: bombast, jina la Kiingereza la uandishi wa maneno makubwa yasiyo na kitu ndani. Nikawaambia zamani bombast ilikuwa pamba yenyewe. Karne ya 16 wanaume wa Uingereza waliishindilia kwenye vikoti ili waonekane wana vifua, baadaye jina likahamia kwenye maandishi yaliyovimbishwa. Mwaka 1592 Robert Greene, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alimkejeli mtunzi mmoja chipukizi, anayeaminika kuwa Shakespeare, kwamba anajiona anaweza kuvimbisha beti kama wakongwe, na neno alilotumia ni hilo hilo.

Hapo mimi mwenyewe nilikwisha kuvimba kuliko koti.

"Kilatini walisema bombax!" nikanguruma. "Na wapo wataalamu wanaolifuata hadi kwa Waajemi, ambao pamba huiita pambe. Kumbe bombast ni ndugu wa pamba yetu!"

Nikanyanyua mikono yote miwili.

Chwaa! Bega la kushoto lilifumuka kwanza, pamba ikachomoza kolani kama ndevu za babu. La kulia likafuata. Feni ikaipokea pamba na kuigawa kwa haki: meza kuu, keki, kilemba cha mama mmoja wa mstari wa mbele. Nikabaki nimesinyaa ndani ya koti kama embe lililosahaulika kabatini.

Kimya. Kisha makofi, na wanafunzi wakasimama. Ofisa elimu, pamba ikiwa masharubuni, akachukua kipaza sauti.

"Kila mwaka tunahimiza zana za kufundishia. Leo nimeiona zana!"

Akataka nilirudie somo hilo kwenye semina ya walimu wa wilaya. Nikakubali, ningesemaje? Shida ni mama mdogo. Mto mwingine hana, na ule wa kwanza bado ananidai.