Waya wa laki tano hautaiokoa ampu yako

Nyaya za umeme za ampu, ile mashine ya kukuza sauti, sasa zina bei za kuchekesha. Ni ule ule waya unaotoka ukutani kwenda nyuma ya mashine, ila umevikwa nailoni ya kusukwa, pini zimepakwa dhahabu, na muuzaji anaapa kwamba besi itashuka na sauti ya mwimbaji itasogea mbele. Siamini. Ila sikubaliani pia na wale wa "umeme ni umeme, chomeka popote".

Umeme wa ukutani hauendi kwenye spika. Unapita kwenye transfoma, unanyooshwa na diodi, kisha unajaza kapasita, yale makopo manene unayoyaona ukifungua ampu. Spika inakula kutoka humo. Waya wa nje kazi yake ni kujaza tangi tu. Muziki haupiti hapo.

Tupige hesabu. Waya wa kawaida wa shaba wa mita moja na nusu, unene wa milimita 0.75 za mraba, una ukinzani usiofika sehemu moja ya kumi ya omu, kwenda na kurudi. Ampu ikivuta ampea 3, inapotea kama robo volti kati ya 230. Jirani akiwasha pasi, umeme wa mtaa mzima huyumba kuliko hapo.

Wabishi wana hoja yao: umeme umetoka bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, umepita Chalinze, mita ya mwisho itabadilisha nini? Inachekesha, lakini ni nusu ya ukweli, maana huko nyumbani ndiko viungo vinakoharibikia. Soketi imelegea mpaka plagi inaning'inia, skrubu ndani ya plagi hazijakazwa, adapta imepandishwa juu ya adapta. Chuma kinagusa na kuachia, cheche zinaruka, na zile cheche unazisikia kwenye spika kama mkwaruzo. Piga muziki mnene saa nzima, zima, kisha shika plagi. Ikiwa ya moto, acha habari za ubora wa sauti. Nyumba ndiyo iko hatarini.

Kwenye harusi za uani mambo ni makubwa zaidi. Ekstensheni ya mita 50 ni mita 100 za waya, kwenda na kurudi. Hata kama ni shaba halisi ya milimita 1.5, ukinzani unazidi omu moja, na mzigo wa ampea 10 unapoteza volti 12 au zaidi. Ampu ya transfoma itapungukiwa na kama asilimia 10 ya nguvu yake ya juu. Kwa sikio hiyo ni nusu desibeli, hakuna mgeni atakayeinua kichwa. Tatizo ni kwamba ekstensheni nyingi za bei poa ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na juu yake kuna friji ya soda na taa za jukwaa. Hapo kila besi ikidunda, taa zinafifia, na ampu ikilazimishwa inaanza kukoroma.

Halafu kuna ule mvumo. Miksa imechomekwa ukuta wa mbele, ampu ukuta wa nyuma, ethi, zile nyaya za kupeleka ardhini umeme unaovuja, zimepita njia mbili, na waya wa sauti unaziunganisha. Mvumo wa hezi 50 unaingia kupitia hapo, na waya wa dhahabu hauugusi. Chomeka vyote kwenye laini moja kwanza, mara nyingi unakwisha.

Mafundi wengine wana njia ya mkato: wanakata waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Kweli mvumo unakoma. Ila siku umeme ukivuja kwenye bodi ya ampu, yaani gamba lake la chuma, utatafuta njia kupitia mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma. Fundi akikufanyia hivyo, arudishe ethi kwanza ndipo umlipe.