Siku ya Kwanza Uganda, Ipe Kampala

Kila likizo ikikaribia, vijana wa nyumbani Tanzania huniandikia kwamba wanakuja Uganda, begi mgongoni, na wanataka wakishuka tu kwenye basi waunganishe Jinja kuona chanzo cha mto Nile, au wapande hadi kwenye maporomoko ya Sipi. Nimeishi Kampala miaka mingi sasa, na ushauri wangu haujabadilika: siku ya kwanza kaa mjini. Uchovu wa safari ya kupitia mpaka wa Mutukula ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba Kampala ndiyo itakayokufundisha kuuliza, na asiyejua kuuliza atapata taabu nchi nzima.

Sisi tumezoea kusoma. Dar daladala imeandikwa inakotoka na inakokwenda, ina mstari wa rangi ya njia yake, nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na konda akizidisha abiria wanamjia juu. Hapa gari la abiria 14 linaitwa taksi. Ni jeupe, lina mkanda wa vijisanduku vya buluu ubavuni, na yote yanafanana. Linakokwenda anajua konda anayepiga kelele mlangoni. Haliondoki mpaka lijae, nauli ya asubuhi si ya jioni, na mvua ikinyesha ndiyo inapaa kabisa. Hili nasema wazi: nyumbani tumewazidi, na wenye mamlaka ya usafiri hapa wangeandikisha njia kwenye magari wangewaondolea watu adha kubwa, wenyeji kwa wageni.

Lakini kuna kitu tumekosa kwa utaratibu wetu ule. Mtoto wa dada yangu alipokuja kutoka Morogoro nilimpeleka Old Taxi Park, kituo kikubwa cha taksi katikati ya mji, nikamwacha ajitafutie gari. Alisimama katikati ya yale magari yaliyobanana, begi limempita kichwa, macho yanazunguka.

"Mjomba, za Ntinda zimeandikwaje?"

"Hazijaandikwa. Uliza."

Akamwendea mama aliyekuwa anauza gonja, ndizi za kuchoma, akamuuliza kwa Kiswahili, bila salamu. Mama akamtazama tu. Nikamwambia aanze upya: "Oli otya, nnyabo," asubiri ajibiwe, naye aulizwe hali, ndipo aseme shida yake kwa Kiingereza. Yule mama akatua beseni lake, akamshika shati mkononi, akampenyeza kati ya magari hadi kwenye mlango wa taksi yenyewe. Kisha akamgeukia konda akamtajia nauli ya kumtoza huyu mgeni. Aliacha biashara yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hata kwetu wapo wenye moyo huo, ila kila kitu kikishaandikwa, mgeni anapita mji mzima bila kumgusa mtu.

Kuhusu Kiswahili, ndugu zangu, tuwe na adabu. Katiba ya Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hiyo ni karatasi. Kwa wazee wengi wa Kampala, Kiswahili ndiyo lugha waliyoisikia kwa askari wa Idi Amin kwenye vizuizi vya barabarani, na hofu ya namna hiyo haifutwi na sheria. Vijana wao wanajaribu. Utamsikia bodaboda anakusemesha maneno mawili matatu yasiyopatana, ametoa jasho kuyatafuta, halafu Mtanzania anaangua kicheko na kumsahihisha mbele ya watu. Nimeliona hilo mara nyingi na linaniuma. Anayechekwa leo kesho hajaribu tena, halafu tunalalamika kwamba Waganda hawapendi Kiswahili!

Mengine ni madogo. Noti hapa zinafika 50,000 wakati zetu zinaishia 10,000, kwa hiyo usishtuke kutajiwa bei. Badilisha hesabu kwanza kichwani ndipo upatane. Begi kubwa likikalia kiti litalipiwa, elewana na konda kabla hujapanda. Laini ya simu mgeni anasajiliwa kwa pasipoti. Simu usiishike dirishani kwenye foleni, maana hunyakuliwa mchana kweupe. Saa wanahesabu kama sisi: kwa Kiganda saa moja ni saa moja ya asubuhi, ila anayekupangia kwa Kiingereza atafuata saa za Kiingereza, basi hakikisha.

Jioni kula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa muuzaji aliye karibu na unapolala. Kaa naye kibarazani, msalimie vizuri, mwambie kesho unakwenda wapi. Yeye ndiye atakayekueleza taksi za Jinja zinapakia upande gani na nauli haki yake ni kiasi gani.