Kaburi Si Shimo la Utafiti

Nimesoma kipeperushi cha Kiingereza kilichoandaliwa kwa ajili ya watalii wanaopita Moshi, na sentensi moja imenikera kiasi cha kushindwa kuinyamazia. Kinasema kwamba mafuvu ya Wachagga yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni yalikuwa "excavated", yaani yalichimbuliwa, kitenzi kilekile ambacho aya ya juu yake imekitumia kwa Zinjanthropus, fuvu la kale la jamii ya binadamu lililopatikana Olduvai.

Kwa Zinjanthropus sina ugomvi. "Excavate" ni kitenzi cha ardhi, na hutumika sawasawa kwa msingi wa nyumba, kwa handaki na kwa eneo la akiolojia. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipoliona fuvu lile Julai 1959, lilikuwa limelala ardhini kwa takriban miaka milioni 1.75, na hakuna aliyelizika. "Exhume" kisingefaa hapo, kwa kuwa chenyewe kinataka kwanza awepo marehemu, wawepo waliomzika, kisha aje mwingine amfukue. Na anayekisikia ana haki ya kuuliza ruhusa ilitolewa na nani. Hata Sheria yetu ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatambua gharama za kuzika upya na za matambiko, na sijasikia mtu akilipwa tambiko kwa sababu ya msingi wa nyumba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwanaakiolojia anaweza kusema ame-"excavate" kaburi, maana kaburi nalo ni shimo. Aliyelala ndani yake si shimo.

Hapa kwetu jambo hili si la darasani. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai nchini Tanzania, na mojawapo likatajwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Kichagga. Mangi mwenyewe alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake, ambacho ukoo wake unaamini kilipelekwa Ujerumani, bado kinatafutwa. Watu wenye wajukuu wanaowasubiri hawawezi kuandikwa kwa kitenzi cha visukuku. Tena, kwa aliyekatwa kichwa baada ya kunyongwa, hata "exhume" ni neno la upole mno, kwa sababu huyo hakupewa kaburi la kufukuliwa, huyo aliporwa.

Kwa hiyo naomba kipeperushi kisahihishwe kabla hakijachapishwa tena: waliotolewa makaburini waandikiwe "exhumed", waliokatwa vichwa waandikwe hivyo bila kuficha, na sentensi ipewe mtenda, kwa sababu ilivyo sasa, katika kauli ya kutendwa, mafuvu yale yanaonekana kana kwamba yalitoka ardhini bila mkono wa mtu yeyote.