Marekebisho 27 na Basi la Montgomery

Mama mmoja wa darasa langu la Kiingereza, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, anajua kuwa Katiba ya nchi hii ina marekebisho 27. Anajua rais wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Woodrow Wilson. Muulize kwa Kiingereza basi la kliniki linapita saa ngapi, anabaki kukutazama.

Simlaumu. Mtihani wa uraia ndio uliotufikisha hapa. Maswali yalikuwa 100, unaulizwa 10, ukipata 6 umevuka. Kwa walioomba kuanzia Oktoba 20, 2025 yamekuwa 128, unaulizwa hadi 20 na unatakiwa upate 12. Basi watu wanakariri, kama sisi tulivyokariri Kiarabu chuoni utotoni: sauti inatoka, maana haipo. Nasi walimu tunawakaririsha, halafu tunaliita somo la Kiingereza.

Sisemi historia ya Marekani itupwe. Isimuliwe! Mwaka jana niliweka orodha ya maswali pembeni nikaingia na Rosa Parks, enzi za mabasi yenye viti vya wazungu mbele na vya weusi nyuma. Montgomery, Alabama, Desemba 1, 1955. Mama wa miaka 42, mshonaji, anarudi nyumbani kutoka kazini. Hakukaa viti vya wazungu, kama wengi wanavyosimulia. Alikaa safu ya kwanza ya weusi. Basi likajaa. Dereva akawataka weusi wanne wainuke kumpisha mzungu, watatu wakainuka, yeye akagoma. Akakamatwa, akatozwa faini dola 10 na gharama za kesi dola 4. Weusi wa mji ule wakasusia mabasi kwa siku 381, wengi wakitembea kwa miguu.

Humo mna vitenzi vyote vya safari ya kliniki. Na mna kero yetu kubwa: sisi tuna -li- moja inayofanya kazi kila mahali, ilhali Kiingereza kinageuza sit kuwa sat, stand kuwa stood, kisha walk kinaipachika mkia tu. Nikiandika hayo ubaoni kwa jedwali, watu waliotoka zamu ya usiku wanasinzia. Siku ile hakusinzia mtu. Walibishana kwa nini wale watatu waliinuka. Mzee mmoja, ambaye kwa umri wake na miaka ya ukaazi anaruhusiwa kufanya mtihani kwa lugha yake, alidakia: "Maybe they have children." Sarufi ingesubiri. Sikumsahihisha.

Wapo wanaoniambia nawalisha watu Umarekani. Labda, kama ningeanza na bata mzinga wa Novemba, wa sikukuu yao ya Shukrani. Somo lijalo ni Frederick Douglass, mtoto mtumwa wa Baltimore aliyewagawia watoto wazungu maskini mkate ili wamfundishe kusoma. Aliyesomea chini ya turubai haelezwi hilo mara mbili.

Wiki iliyofuata yule mama wa marekebisho 27 alichelewa. Akasimama mlangoni: "Bus full. I stand." Akafikiri kidogo. "I stood." Kisha akamalizia kwa Kiswahili kwamba hakuna aliyemnyanyua, viti tu ndivyo havikuwepo.