Kochi Lisilotaka Kukaliwa

Neno lenyewe ni “matumizi”. Meneja wa duka lililoniuzia makochi alilitamka mara sita katika mazungumzo ya robo saa, na nilihesabu kwa sababu mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi na kuhesabu ndiyo njia yangu ya kutuliza hasira. Kochi langu, alisema, halikuharibika bali limechakaa kwa matumizi, na uchakavu wa matumizi haumo katika waranti. Nikamuuliza ni matumizi gani hayo. Akanitazama kwa huruma, akashusha sauti kama mtu anayetoa habari ya msiba, akasema: “Kukaa, Mwalimu. Mmelikalia.”

Nakiri mbele yenu wote kwamba ni kweli. Tumelikalia.

Tulilinunua tarehe 14 Desemba, mimi na mama Neema, katika duka moja la samani pale Mwanjelwa, Mbeya, ambalo sitalitaja kwa sababu shauri lingali mezani. Seti nzima ya watu saba, yaani kochi la watu watatu, la watu wawili na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, ilitugharimu shilingi 1,450,000, fedha zilizotokana na mkopo wa SACCOS pamoja na magunia ya viazi ambayo mama Neema aliyatolea jasho msimu mzima. Kijana wa mauzo alituambia kuwa ni sofa za Kituruki. Ninapoyapima maneno yake leo, natambua kwamba hakusema hata mara moja kuwa zimetoka Uturuki. Alisema tu kuwa ni za Kituruki, kama vile katambuga zinavyoitwa viatu vya Kimasai ilhali zimekatwa kwenye tairi la lori lililofia Iyunga.

Alitukabidhi pia kadi ya waranti ya miezi 12. Kwa watu wa rika langu, waranti ni karatasi ya Serikali ya kupandia treni bila kulipa nauli, nami niliitumia nilipokwenda chuoni. Treni ya TAZARA ilichelewa saa nyingi siku ile, lakini ilinifikisha. Waranti hii ya sasa ina picha ya simba aliyevaa taji na maneno ya dhahabu, na haijanifikisha popote.

Dalili zilianza mapema. Katikati ya kochi kubwa palitokea bonde, na yeyote aliyekaa pembeni aliteleza polepole kuelekea huko, hivi kwamba taarifa ya habari ya saa mbili usiku tuliitazama tukiwa tumebanana kama abiria wa daladala ya Uyole na Sokomatola wakati wa jioni. Mama Neema aliona kuwa jambo hilo linajenga umoja wa familia. Kwenye mikono ya kochi ile iliyoitwa ngozi ikaanza kubabuka vipande vidogo vyeusi vilivyonasa nguoni, na siku moja Neema alikwenda shule akiwa na kimoja nyuma ya sketi yake, kama mhuri wa ofisi. Niliyavumilia yote hayo. Mtu aliyenunua kitu kwa mkopo hukawia sana kukubali kwamba kitu hicho ni kibovu, kwa sababu akikubali leo, makato ya mwezi ujao yatamuuma mara mbili.

Kilichonitoa katika uvumilivu kilitokea tarehe 23 Aprili, siku ya 130 tangu manunuzi. Baba yangu mzazi alishuka Uyole kutoka Tukuyu akiwa na mkungu wa ndizi, bila kupiga simu, kwa kuwa yeye huamini kwamba mtu hapigi simu kwenda kwa mwanawe. Mimi na watoto hatukuwepo, na nyumbani alikuwapo mama Neema peke yake. Sasa ni lazima nieleze kwamba Baba ni Mnyakyusa wa kale. Kwa mila anayoifuata, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawapeani mkono, na mkwe hatamki hata jina la mzee. Ndiyo heshima inayoitwa kutila, na mama Neema, ambaye huniamuru mimi kwa uhuru mkubwa kuanzia alfajiri, kwa Baba huishika mila hiyo bila mzaha hata kidogo. Alimkaribisha kwa sauti akiwa nyuma ya mlango wa jikoni. Baba akaingia sebuleni, akachagua pahali pa heshima, yaani katikati ya kochi kubwa, akakaa.

Kwa maelezo ya mama Neema, ulisikika kwanza mlio wa ubao, kisha kimya, kisha kikohozi cha mtu anayehitaji msaada lakini hataki kuuomba. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akaona magoti ya baba mkwe wake yakiwa juu kuliko kifua na mikono ikitafuta pa kushika hewani. Kumvuta hawezi. Kumpa pole kwa karibu hawezi. Mzee naye hawezi kumwita, kwa sababu angemwita aje afanye nini? Walikaa hivyo, mmoja shimoni na mwingine jikoni, wakiulizana habari za mvua na mahindi kupitia mlangoni kwa adabu kamili, hadi mama Neema alipopata wazo la kutokea mlango wa nyuma na kumwita kijana wa jirani, ambaye alimng'oa mzee kwa mikono miwili. Niliporudi jioni nilimkuta Baba ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakulalamika. Aliniambia tu: “Mwanangu, kiti chako kina njaa.”

Jumatatu nilimwita fundi makochi wa mtaa wetu, akalipindua kochi miguu juu na kuchana kile kitambaa cheusi kinachofunika tumbo lake. Sijawahi kushuhudia upasuaji wa binadamu, lakini nadhani ndugu wa mgonjwa huzuiwa kuingia kwa sababu kama zile nilizoziona. Mbao zilikuwa za paini, na kwa kuwa tunaishi katika nyanda ambazo msitu wa Sao Hill pale Mafinga hutoa mbao za paini kwa nchi nzima, sina ugomvi na paini. Ugomvi wangu ni kwamba zilipigiliwa zikiwa mbichi. Ubao uliotiwa kazini kabla haujakauka hukaukia humo humo kazini, ukasinyaa na kujipinda, na hizi zilikuwa zimeshikizwa kwa pini za stepla mahali palipotakiwa gundi na skurubu, kwa hiyo pini zilikuwa zikicheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Sponji ilikuwa ya chenga zilizogandishwa pamoja, nyekundu, bluu na njano, mithili ya pilau ya sherehe. Fundi aliniambia kuwa sponji ya kukalia huchaguliwa kwa uzito wake, kilo kwa kila meta moja ya ujazo, kwa sababu ile nyepesi ni hewa tupu iliyozungushiwa ukuta. Ngozi nayo, alipoikwangua kwa ukucha, ilikuwa utando mwembamba wa plastiki uliopakwa juu ya kitambaa.

Kisha tukafika chini kabisa. Mahali ambapo ilitakiwa mikanda ya mpira iliyosukwa kubeba mtu, palikuwa pametandazwa kiroba kitupu cha mbolea ya kukuzia. Maandishi yake yalisomeka vizuri: kilo 50. Baba yangu ana kilo 71. Nilimsihi fundi asilitaje jambo hilo mbele ya mtu yeyote wa duka, maana wangesema tumezidisha mzigo.

Pembeni, kwenye ubao wa fremu, kwa penseli nene ya seremala, palikuwa pameandikwa neno moja: KUSHOTO. Nimejitahidi kumfikiria huyo Mturuki aliyeliandika.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Mwanjelwa kwa meneja, nikiwa na kadi ya simba mwenye taji, picha nne kwenye simu, kipande cha kiroba bila ile sehemu ya kilo, na risiti. Risiti ilikuwa ya mashine ya EFD, halali kabisa, isipokuwa karatasi za mashine hizo huandikwa kwa joto na maandishi yake hufifia, na mimi kwa uangalifu wangu nilikuwa nimeihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, karibu na bati. Nilipoifungua ilikuwa nyeupe kama ukurasa wa mwanafunzi aliyekuwa ananikwepa. Bahati njema mama Neema aliipiga picha siku ile ile ya manunuzi, na tangu hapo hunikumbusha jambo hilo kila tunapokula.

Meneja aliipokea picha, akaikuza, akaipunguza, ndipo akaanza na hilo neno lake. Nilipokataa kuridhika, aliniletea sababu nyingine moja baada ya nyingine, kama muuza mitumba anayekuonyesha shati jingine ukikataa la kwanza. Mwanzo alisema kuwa huenda tunakaa upande mmoja. Nikamjibu kuwa tunakaa pande zote, ila kochi lenyewe ndilo hutukusanya. Akauliza tuko wangapi nyumbani. Watano, nikasema, na kochi liliuzwa kuwa la seti ya watu saba, kwa hiyo Duka linanidai watu wawili. Akauliza kama watoto hurukaruka. Hatimaye aliegemea nyuma na kutoa ile aliyoiona kuwa ya mwisho: “Ni baridi ya Mbeya, Mwalimu. Ngozi hizi hazijazoea hali yetu ya hewa, ndiyo maana zinababuka.” Nikamwambia kwamba Uturuki huanguka theluji. Alinyamaza kwa muda, kisha akanionyesha ukutani bango lenye maneno BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nilimweleza kwa utulivu kwamba sikuja kurudisha, nimekuja kutengenezewa, na bango halijasema lolote kuhusu kutengeneza. Ilikuwa kama kusahihisha jibu la mwanafunzi wa mbele huku wa nyuma wananakili.

Jambo moja nililiona nikiwa pale, na halijaniondoka. Duka lilikuwa na seti kumi na moja za makochi, zote zimevishwa nailoni, na kwenye baadhi yake pamewekwa karatasi yenye neno USIKALIE. Meneja, kijana wa mauzo, dada wa hesabu na mlinzi wote walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Nilirudi nyumbani nikamwomba rafiki yangu, karani wa mahakama aliyestaafu, anisomee sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi amemjulisha muuzaji, ama kwa kutamka ama kwa namna nyingine inayoeleweka, iwapo mnunuzi ametegemea ujuzi wa muuzaji huyo. Hapo nilikosa usingizi usiku mzima. Je, nilimjulisha? Nilijaribu kukumbuka kila neno nililolisema tarehe 14 Desemba, na sikukumbuka hata sentensi moja iliyosema, “Kijana, kochi hili ninakusudia kulikalia.” Tulizungumza kuhusu rangi. Tulizungumza kuhusu punguzo. Ilikuwa karibu alfajiri nilipokumbuka kwamba mama Neema, kabla ya kulipa, alikaa juu yake mara tatu mbele ya mashahidi, na kama hiyo si namna inayoeleweka, basi sijui eleweko ni kitu gani.

Nikaandika barua. YAH: OMBI LA KUTENGENEZEWA KOCHI LILILOHARIBIKA NDANI YA MUDA WA WARANTI. Nilieleza kiroba, pini, paini mbichi na chenga za sponji. Nilifanya hesabu pia: 1,450,000 kugawanya kwa siku 130 ni shilingi 11,153 na ushei kwa siku, gharama ambayo ingetuwezesha kukaa kwenye mikeka na kula nyama kila jioni. Mwishoni niliomba mojawapo ya mambo mawili, ama kochi litengenezwe, ama Duka linieleze kwa maandishi ni mara ngapi kwa siku mtu wa kawaida anaruhusiwa kukaa. Chini kabisa, upande wa kushoto, niliandika maneno ambayo mtumishi yeyote wa umma anajua uzito wake: Nakala: Tume ya Ushindani. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Nakala yenyewe nilikuwa bado sijaituma, lakini meneja hakuwa na namna ya kulijua hilo.

Siku tatu baadaye akaja mkaguzi. Alikuwa yule yule kijana wa mauzo, ila safari hii alivaa tai na kubeba fomu. Akatoa shikamoo, nikaitikia, nikamwonyesha kochi kubwa, ambalo fundi alikuwa amelirudisha miguu chini, nikasema kwa moyo mweupe: “Karibu, kijana, kaa.” Alilitazama kochi. Alitazama lile bonde. “Ahsante, mzee wangu, nitasimama tu.” Nikamwambia kuwa katika nyumba hii mgeni hasimami. Akatazama huku na huku, akaona kigoda ambacho Baba amekwishatuletea kutoka Tukuyu kwa ajili ya safari zake zijazo, akakivuta, akaketi juu yake, na kutoka hapo akalikagua kochi kwa macho.

Kwenye nafasi ya “Chanzo cha uharibifu” kalamu yake ilisimama kwa muda mrefu, kisha akaandika kitu kifupi na kukifunika kwa kiganja. Alisema kuwa Duka litagharamia sponji na mikanda, na usafiri wa kirikuu wa kupeleka na kurudisha utakuwa juu yangu, na kwamba watalipokea Jumatatu. Tukavutana kuhusu kirikuu hadi tukagawana nusu kwa nusu. Akanipa fomu nisaini. Niligundua kuwa chini ya sahihi kuna mstari mmoja wa “Maoni ya mteja”, nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, na kwa mwandiko wangu wa ubaoni nikaandika: Mkaguzi alikaribishwa kukaa, akakataa.